Theluthi ya Nyota Iliyopungua Mwela

1

Siku Mkaguzi Shomvi alipofika Mwela, jambo la kwanza alilofanya ni kutunyang'anya chai.

"Shikamooni, mama zangu," alisema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mabamba na kikoti chembamba cha watu wa pwani, meno yanagongana. "Mtaniwia radhi. Kuanzia leo humu ndani hakuna kikombe, hakuna kufuma, hakuna gumzo. Nyota zinapotea."

Tulikuwa wanawake saba, kila mmoja kwenye kigoda chake, viganja juu ya bamba. Mama Chaula, ambaye mdomo wake haujui likizo, ndiye aliyejibu.

"Zinapotea humu? Basi tupekue, baba. Mimi nimevaa sweta tatu. Anza na ya juu, tuone nani atachoka."

Tukacheka. Mkaguzi hakucheka. Alitutazama mikono, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua kuku mnadani, na kicheko chetu kikaisha chenyewe.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Usiku masahani makubwa yaliyoko kule juu ya mlima yanakusanya mwanga wa galaksi. Asubuhi mwanga ule unamiminwa kwenye mabamba, galaksi moja kwa bamba moja, na sisi tunaweka viganja. Ndani ya viganja tumeshonewa nyuzi, nyembamba kuliko unywele wa mtoto, na kwa nyuzi hizo tunasikia. Galaksi iliyozeeka ina uvuguvugu tu, kama jiwe la uani jua likishazama. Yenye vumbi jingi ni kama jivu: juu baridi, chini kuna kaa. Lakini mahali nyota zinapozaliwa, gesi iliyozizunguka huwaka nyekundu, na wekundu ule bamba linaugeuza kuwa mchomo. Panapochoma ndipo penye kiota. Ukisikia kiota unakanyaga pedali, kama ya cherehani. Mashine inajumlisha viota na kusema galaksi ile inazaa jua ngapi kwa mwaka. Hii tunamokaa sisi, walituambia, inazaa jua moja au mawili tu, kama mama aliyechoka. Nyingine zinazaa mia na bado zina nguvu.

Kwa nini sisi, na si mashine yenyewe? Kwa sababu zamani mashine ziliachiwa kazi hiyo, zikawa zinafundishana. Moja ikikosea, nyingine inaiga kosa, na zote zikakubaliana juu ya uongo mmoja kwa miaka arobaini. Wasomi nao walikuwa na ugonjwa wao: walijua jibu wanalolitaka kabla ya kupima. Ndipo ikatungwa Sheria ya Mkono Safi. Kila hesabu ya nyota lazima ipite kwenye mkono wa mtu asiyejua jibu linalotarajiwa. Mimi niliishia darasa la nne. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu darasa la nne likawa cheti.

"Kituo cha jangwani kimepima galaksi zilezile mnazopima ninyi," alisema Mkaguzi. "Wao wakipata viota mia tatu, ninyi mnapata mia mbili. Si mara moja, kila mara. Theluthi nzima haipo. Masahani nimekagua, ni mazima. Mashine nimekagua, ni nzima. Yaliyobaki ni mikono."

Mama Chaula akaingiza mikono ndani ya sweta.

"Kuna mtu humu anayepunguza hesabu, na anapunguza nyingi mno hadi anawavuta wote chini. Kumbukumbu ya mkono ya kila mmoja wenu, alipokanyaga na alipoacha, imefungwa kisheria. Siwezi kuifungua mpaka mwenyewe akubali. Kwa hiyo naomba aliyefanya hivyo anifuate mwenyewe. Mwisho ni Ijumaa. Mnajua sheria inasemaje."

Tulijua. Aliyepunguza kwa makusudi anang'olewa nyuzi. Na nyuzi hazitoki peke yake. Zinatoka na fahamu ya kiganja. Kulikuwa na mama mmoja, msomaji wa kituo kingine, aliyeng'olewa. Alishika sufuria ya uji inayochemka na hakujua mpaka aliposikia harufu.

Niliangalia mikono yangu. Halafu, sijui kwa nini, nikaangalia ya wifi yangu.

2

Wifi yangu ni Tusajigwe, dada wa marehemu mume wangu. Tulizeeka pamoja. Mchana alikuwa msomaji kama mimi, lakini kabla ya nyota alikuwa mkunga, na mpaka leo hakuna mwanamke wa Mwela anayejifungua bila Tusajigwe kuitwa. Daktari wa zahanati mwenyewe humpisha. Anaweka kiganja tumboni, anafumba macho, anasema, "Amelala ubavu huyu, mgeuzeni mama." Hakosei. Mtu kama huyo ukimng'oa nyuzi humpunguzii kazi, unamzima.

Jumanne Mkaguzi aliniita ofisini. Alikuwa amejifunga blanketi la kituo na bado anatetemeka.

"Bibi Subilaga, wanasema wewe ndiye mwenye subira kuliko wote hapa."

"Wanasema hivyo wakitaka niwasubiri, Mkaguzi."

Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza. Halafu akasema, "Huyu Tusajigwe anaomba ruhusa sana. Mwezi huu mara tano. Anakwenda wapi?"

"Kuzalisha."

"Mara zote tano?"

Nikanyamaza. Mara tatu nilizijua. Wiki mbili zilizopita nilimuuliza, "Wifi, jana ulikuwa wapi?" akanijibu, "Mahali." Mtu niliyelala naye chumba kimoja msiba wa mume wangu ulipotokea, ananijibu mahali!

Mkaguzi aliona nimenyamaza. Watu wa kazi ile wanaona kunyamaza kama sisi tunavyosikia viota.

"Sheria inaruhusu bamba pacha," alisema taratibu. "Msomaji mmoja anakaa upande wa pili wa ubao, anasikia kile anachosikia mwenzake, na anatazama mguu wake. Haandiki chochote. Ananiambia mimi tu. Kama wifi yako ni safi, wewe ndiye utakayemsafisha."

Nilikubali. Nilijiambia nakubali ili nimsafishe. Ukweli ni kwamba lile neno mahali lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mchana nikaketi nyuma ya ubao. Ubao haukufika sakafuni. Chini yake niliona buti za mvua za wifi yangu, moja imezibwa kwa kiraka cha tairi, iko juu ya pedali. Nikaweka viganja kwenye bamba pacha. Galaksi ilikuja polepole: uvuguvugu katikati, halafu mikono miwili inayojizungusha, na kwenye mikono hiyo viota vikaanza. Vingi vilikuwa vinapapasa kama mtama unaodondoka kwenye ungo. Kila kimoja buti linashuka. Tak. Tak. Mkono wangu na mguu wake vilikwenda pamoja vizuri mpaka nikaanza kuona aibu ya kukaa pale.

Ndipo kikaja kiota cha namna nyingine. Hakikupapasa, kilichoma kama kiberiti kinapowashwa. Kipya kabisa. Nilishtuka karibu nitoe mkono.

Buti halikushuka.

Nikadhani amechelewa. Nikangoja. Mtama ukaendelea, tak, tak. Kikaja kingine kama kiberiti. Buti kimya. Kingine. Kimya. Galaksi ilipoisha nilikuwa nimehesabu vidole vyote vya mikono, na vya mguu mmoja, na kimoja zaidi. Kumi na sita. Vile vikali kuliko vyote, ambavyo hata mfu angevisikia, wifi yangu alivipita kama hakuviona.

Mimi ningekanyaga, nilijiambia. Ningekuwa mimi ningekanyaga vyote.

"Umeona nini?" Mkaguzi aliniuliza mlangoni.

"Ubao ulinizuia," nikasema. "Nipe siku nyingine."

Nilijua kuanzia pale nami nimeingia kwenye orodha yake.

3

Jumatano saa tisa alasiri Tusajigwe aliomba ruhusa tena. Nikangoja apite lango, nikamwambia mlinzi nakwenda kununua viazi, nikamfuata.

Ukungu wa Mwela ukishuka unaweza kumfuata mtu hatua kumi nyuma na asikuone. Nilifuata mgongo wake kati ya mashamba ya pareto. Hakwenda njia ya zahanati. Alikata kushoto, akapita nyuma ya ghala, na mara mbili aligeuka kutazama nyuma. Mara zote mbili nilichutama kama mwizi wa mahindi, mimi mwenye wajukuu tisa. Kichwani nilikuwa tayari nimeshamhukumu. Kuna watu wanaomtuma, niliwaza. Kuna wanaotaka kituo kifungwe ili Sheria ya Giza, inayokataza taa usiku karibu na masahani, iondoke na wao wawashe mataa yao mlimani. Wamempata yeye. Anawauzia nyota zetu kumi na sita kumi na sita.

Alisimama kwenye nyumba yenye mlango wa bluu. Mwanamume alifungua, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akamvuta ndani. Mlango ukafungwa.

Nilisogea mpaka ukutani. Nilisikia minong'ono, maji yanamiminwa, mtu anasema "bado, bado, sasa." Halafu mtoto akalia.

Mlango ukafunguka kabla sijajua niweke wapi uso wangu. Tusajigwe alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Wifi!" alisema. "Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kuona mtoto."

"Mtoto amelia sasa hivi. Hapa hakuna aliyejua kwamba Atupakisye uchungu umemshika, hata mama mkwe wake hatujamwambia. Baada ya wale watoto wawili wakubwa mimba mbili ziliharibika, na mimi nimekuwa nikija kwa kificho ili watu wasiitaje hii ya sasa. Wewe nani alikuambia?"

Hapo ndipo nilipolijua lile "mahali."

"Ulikuja kuona nini, Subilaga?"

Alikuwa hajawahi kuniita jina langu tangu nilipoolewa.

Mungu akaniletea pikipiki. Alikuwa mhudumu wa afya mpya, dada wa Tanga, hajamaliza hata miezi miwili huku kwetu, amebeba kishikwambi chake ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa anapita kila kaya kuandikisha chanjo.

"Shikamooni. Nyumba hii ina watoto wangapi?"

"Wawili," alisema Tusajigwe.

Ndani mtoto alilia tena, kwa sauti ya kuvunja kuta. Mhudumu akatazama mlango, akanigeukia mimi.

"Bibi, eti wangapi?"

"Wawili," nikasema.

"Na huyo anayelia?"

"Huyo bado," tukasema mimi na wifi yangu kwa pamoja, kama tumefundishwa kuimba.

"Bado nini? Si yumo duniani?"

"Kitovu hakijadondoka, mwanangu," Tusajigwe alimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni asiyejua njia ya choo. "Njoo wiki ijayo utamwandika."

Mhudumu alitikisa kichwa, akaandika anachokijua yeye, akawasha pikipiki. Mimi niliendelea kusimama pale. Ukungu ulikuwa unanilowesha kilemba na sikuwa na habari. Ulimi wangu ulikuwa umesema wawili kabla sijauambia chochote. Sikufikiri. Sikuamua. Huku kwetu mtoto ambaye kitovu hakijadondoka unamwogesha, unamwimbia, unampigania usiku kucha akipata homa, lakini humhesabu. Ukimhesabu umemwonyesha kidole, na balaa likamwona.

Na siku ya kwanza ya mafunzo, miaka kumi na moja iliyopita, fundi aliyetushonea nyuzi alitaka tuelewe haraka. Hakutuambia habari za gesi. Alituambia, "Mama zangu, hivi ni viota vya watoto wa nyota. Kila mtoto unayemsikia, hesabu."

Kama angesema mtama, tungehesabu mtama.

4

Usingizi sikuupata. Haikuwa kwa ajili ya wifi yangu peke yake. Nilikuwa najiuliza mguu wangu mwenyewe ulifanya nini Jumatatu, siku aliyofika Mkaguzi, alipotupa wote saba galaksi moja ileile bila kutuambia kuwa ni mtego. Nilikumbuka kukanyaga. Sikukumbuka kuacha. Lakini nani anakumbuka kitu ambacho hakukifanya?

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, nimtaje Tusajigwe: wengine sita tunabaki, kituo kinabaki, yeye anapoteza mikono. Ya pili, niwaambie wenzangu wote kimyakimya, wakanyage kila kitu kuanzia kesho: hapo hesabu ingepanda ghafla, na Mkaguzi angejua tumekula njama. Ya tatu ni kufungua kumbukumbu ya mkono wangu. Na kama ningekuta pengo mle, ningekuwa nimejifunga kamba mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Mkaguzi ofisini, macho yake mekundu.

"Nipe galaksi ya Jumatatu," nikamwambia. "Niisome sasa hivi, mbele yako."

"Ulijuaje kuwa Jumatatu ilikuwa ya mtego?"

"Ndiyo ileile uliyompa wifi yangu Jumanne. Mkono haumsahau mtu uliyekwisha kumsalimia."

Aliniletea bamba. Niliweka viganja. Mtama ukaja, nikakanyaga. Kikaja cha kiberiti, na sasa kwa kuwa nilikuwa nakivizia, nilisikia mguu wangu ukigoma. Naapa uligoma, kama mbuzi kwenye daraja. Nikaushurutisha. Tak. Kingine. Tak. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Kila mara nilihisi kama ninamwonyesha mtoto wa mtu kidole.

"Arobaini na saba," alisoma Mkaguzi. "Sawasawa na jangwani. Kwa hiyo wewe ni safi."

"Fungua kumbukumbu yangu ya Jumatatu."

"Bibi, huna haja. Mimi nataka jina tu."

"Nimekubali. Fungua."

Nilibonyeza kidole gumba pale pa kukubali. Kioo kikawaka. Alisoma, akasoma tena, akavua blanketi begani.

"Thelathini na moja," alisema.

Pengo la kumi na sita. Alifungua picha ya galaksi, akaweka alama mahali nilipoacha, na hapakuwa na haja ya kuniambia; ni vilevile alivyoacha Tusajigwe. Vya kiberiti vyote.

"Kwa hiyo mko wawili," alisema Mkaguzi, na sauti yake ikawa baridi kuliko chumba. "Mlipanga vipi? Aliyewatuma ni nani?"

"Tuko saba, mwanangu. Na hakuna aliyetutuma."

Nikamweleza. Mlango wa bluu, mhudumu, kitovu, fundi wa nyuzi na maneno yake. Alinisikiliza huku akigonga kalamu mezani, na nilipomaliza aliguna.

"Bibi, nimekagua vituo vinane. Nimeelezwa popo, nimeelezwa radi, nimeelezwa majini. Kitovu sijawahi. Unataka niandike kwenye ripoti kwamba theluthi ya nyota za mbinguni imepotea kwa sababu ya kitovu?"

"Usiandike kwa neno langu. Muulize msomi. Daktari Ikupa ni mzaliwa wa hapa. Aliyejifungua jana ni dada yake."

Daktari Ikupa ndiye mkuu wa kituo chetu. Amesoma nyota mpaka zikaisha, ana vyeti ukuta mzima. Mkaguzi alimwita, naye akaja na karatasi mkononi, ana haraka.

"Daktari, samahani kwa swali la nyumbani," alisema Mkaguzi. "Dada yako ana watoto wangapi?"

"Wawili."

"Nasikia jana alijifungua. Hongera."

"Ahsante sana! Wa kike, mzima kabisa, kilo tatu na nusu."

"Kwa hiyo watoto ni wangapi?"

"Si nimekwambia, wawi..."

Akakoma. Alimtazama Mkaguzi, akanitazama mimi, akatazama kile kioo chenye alama kumi na sita zinazowaka. Karatasi zake zikaanguka na hakuziokota. Yeye hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Ee Mungu wangu. Na mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha hesabu zao kila jioni, nikiona zinanikaa sawa."

Mkaguzi aliweka kalamu mezani. Halafu akasema kama mtu anayetua mzigo, "Basi si wizi. Hakuna wa kung'olewa nyuzi. Lakini kituo kimekwisha. Hesabu ya miaka kumi na moja ni takataka, na mikono hii saba si safi."

"Ngoja," alisema Daktari Ikupa.

Alivuta kiti. Alichora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja juu, mmoja chini.

"Hivi vya kiberiti ni viota vya nyota kubwa changa kabisa, za miaka milioni chache tu. Kwa nyota hiyo ni juzi. Vya mtama vimeshakomaa kidogo. Jangwani wanahesabu vyote pamoja, hawatofautishi. Hawa mama wanahesabu waliokomaa peke yao, bila kukosea hata mmoja, miaka kumi na moja. Toa hesabu yao kwenye ya jangwani. Unabaki na nini?"

"Wachanga," alisema Mkaguzi.

"Wachanga peke yao. Ukilinganisha na waliokomaa unajua galaksi sasa hivi inaongeza mwendo wa kuzaa au inapunguza. Kitu hicho tumekuwa tukikitafuta. Na kimo kwenye makabati yetu."

Nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi mpaka nikasimama. "Basi nikawaambie wenzangu! Wanadhani kuna mwizi kati yao. Jana Mama Chaula alikataa kukaa karibu na mtu yeyote."

Wale wawili wakatazamana, na nikaona kwamba wamekwisha kuelewana bila mimi.

"Bibi," alisema Daktari Ikupa, akiangalia chini, "wakijua, mikono yao itajua. Wewe mwenyewe umesema mguu wako leo uliushurutisha. Hautarudi tena kuwa kama ulivyokuwa Jumatatu. Wao tunawahitaji vilevile walivyo."

"Yaani waendelee kukosea, na ninyi mnajua?"

"Waendelee kuhesabu wanavyohesabu."

"Bila kuambiwa."

"Bila kuambiwa."

Mkaguzi alisukuma karatasi mbele yangu. Ilikuwa ya kiapo cha kunyamaza. Mkono unaojua haukai kwenye bamba, ndivyo sheria inavyosema, kwa hiyo mimi natoka, nyuzi zangu zinabaki kiganjani, heshima zangu zote napewa. Wale sita wanabaki kazini. Nikikataa kusaini na nikasema, basi wote sita wanatoka pamoja nami, kituo kinafungwa, na ripoti lazima itaje kwa nini kila mkono ulipunguza. Ambaye angeisoma ripoti ile mjini, asiyejua kitovu wala Mwela, angeona neno kupunguza, na sheria angeijua.

"Unaniahidi mikono ya Tusajigwe haiguswi?"

"Naahidi."

"Andika."

Aliandika. Nilisoma herufi moja moja, kwa darasa langu la nne, mpaka mwisho. Halafu nikasaini. Sikuwa na uhakika kama nimewalinda wenzangu au nimewauza, na hata leo ukiniuliza sina.

Nilipotoka, Tusajigwe alikuwa amesimama koridoni, buti zake miguuni, zamu yake inaanza. Aliona nimebeba kigoda changu.

"Wamekutoa?"

"Nimetoka."

"Na mimi?"

"Wewe unabaki. Hakuna atakayekugusa."

Alinitazama usoni. Yeye anajua kusoma mtu kuliko anavyosoma bamba.

"Unanifuata kwenye ukungu kama askari," alisema polepole. "Unafungiwa ofisini na Mkaguzi asubuhi nzima. Kisha unatoka, na unaniambia mimi hakuna atakayenigusa. Walikuwa wanataka kunigusa kwa lipi? Uliwaambia nini juu yangu, Subilaga?"

Jibu lilikuwa dogo. Maneno matatu yangetosha. Ningemwambia, angecheka mpaka akae chini, angenipiga begani, angeniita wifi tena. Na kesho yake angeanza kuushurutisha mguu wake, kama mimi.

"Zamu yako inapita," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akanipita bila kunigusa hata kanga. Mlango wa chumba cha mabamba ukafunguka, nikasikia Mama Chaula akisema, "Eti mwizi ameshapatikana?" na wifi yangu akijibu, "Ndiyo, ametoka sasa hivi," halafu mlango ukafungwa.